Kasi ya kwenye boksi na kasi ya hewani: historia ya kupima mtandao wa pasi waya

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu nizungumzie historia, kwa sababu kuna swali moja ambalo naulizwa karibu kila mwezi na watu wanaojua nasomea tarakilishi. Ukienda Luthuli Avenue ukanunua ruta, boksi limeandikwa megabiti 300, au 1,200, au zaidi. Ukifika nyumbani ukaiwasha na kupima kwa programu ya kupimia, hupati hata nusu. Nani anadanganya?

Jibu fupi ni kwamba hakuna anayedanganya moja kwa moja, ingawa mwamba ngoma huvutia kwake. Namba ya kwenye boksi ni mwendo wa biti zikiwa tayari hewani. Namba unayoipima wewe ni data iliyofika upande wa pili ikiwa nzima, ikakubaliwa, ikaingia kwenye faili lako. Ni kama matatu ya Thika Road. Kipima mwendo cha dereva kinaweza kusoma 80 kwa saa, lakini hicho hakikwambii utafika Thika saa ngapi, kwa maana kuna kusimama stejini, kuna kupakia, kuna kusubiri jemu. Hiyo namba ya pili nitaiita kasi halisi, tusichanganyikiwe.

Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba kila mara mtu alipokataa kuamini namba ya kwanza akaenda kupima ya pili, teknolojia yenyewe ilibadilika. Hadithi inaanzia visiwani.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza mradi uliokuja kuitwa ALOHA. Aliyeuongoza ni Norman Abramson, mwalimu wa uhandisi ambaye pia alipenda sana kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Chuo kilikuwa na matawi katika visiwa mbalimbali na tarakilishi kubwa moja mjini Honolulu, na Abramson hakuona sababu ya kutegemea laini za simu pekee kuwafikisha watu kwenye mashine hiyo. Wakaamua kutumia redio. Mtandao ukaanza kufanya kazi Juni 1971 kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, ukitumia masafa mawili: moja la vituo vyote kutumia kuzungumza na mashine kuu, na lingine la mashine kuu kuwajibu.

Kanuni yao ilikuwa rahisi hata inachekesha. Ukiwa na pakiti ya kutuma, tuma. Usiulize mtu. Kama mwenzako ametuma wakati huo huo, pakiti zitagongana na kuharibika zote mbili, mashine kuu haitakujibu, na wewe utasubiri muda wa kubahatisha kisha utume tena. Sasa uzuri wa Abramson ni kwamba alifanya hesabu kabla mtandao haujawashwa. Katika andiko lake la mwaka 1970 alionyesha kwamba kwa kanuni hiyo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, sehemu ya chaneli inayobeba data yenye maana haiwezi kuzidi asilimia 18.4. Kwa chaneli ya biti 9,600 hiyo ni biti 1,770 hivi kwa sekunde, zikigawanywa kwa watumiaji wote. Na ukizidi kuijaza chaneli baada ya hapo, kasi halisi haibaki palepale bali inashuka, kwa sababu migongano inazaa kutuma upya na kutuma upya kunazaa migongano.

Someni tena hiyo namba. Mtu anajenga mtandao wa kwanza wa aina yake duniani, na anatangaza mwenyewe kwamba utapitisha chini ya moja ya tano ya mwendo wake. Sijui leo ni kampuni gani ingeandika hivyo kwenye boksi. Lakini kwa kuwa namba ilikuwa wazi, watu wengine waliweza kuishughulikia. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alipendekeza kila kituo kianze kutuma mwanzoni mwa kipande cha muda kilichopangwa, na hapo hapo kikomo kikapanda mara mbili hadi asilimia 36.8. Robert Metcalfe naye akaisoma kazi ya Abramson, akaitafakari, na Mei 1973 akaandika waraka wa Ethernet. Kebo iliyo nyuma ya tarakilishi ya ofisini kwako ina damu ya redio za Hawaii.

Hesabu za karatasi ni jambo moja, kupima ni jingine. Kwa miaka mingi hapakuwa na chombo cha kawaida cha kupimia. Watu walihamisha faili wakitazama saa. Ubaya wake ni kwamba hujui unapima nini. Huenda diski ndiyo inayochelewesha, au programu ya kuhamisha faili, wala si mtandao. Hapo anaingia Mike Muuss, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani iliyoitwa Ballistic Research Laboratory, jimboni Maryland. Huyu ndiye aliyeandika ping mnamo Desemba 1983, programu ambayo kila fundi wa mtandao ameitumia. Mwaka uliofuata, yeye na Terry Slattery wakaandika nyingine iitwayo ttcp. Inachofanya ttcp ni kutengeneza data ya bandia kwenye kumbukumbu ya mashine moja, kuisukuma hadi kumbukumbu ya mashine ya pili, na kuandika imechukua muda gani. Diski haihusiki kabisa. Ilitolewa bure, kila mtu akaichukua na kuirekebisha. Muuss alifariki katika ajali ya gari Novemba 2000, na hadi leo zana nyingi za kupimia zinafuata wazo lile lile la ttcp. Mojawapo ni iperf, iliyotengenezwa na kikundi cha utafiti wa mitandao katika Chuo Kikuu cha Illinois, na baadaye ikaandikwa upya na watu wa ESnet kama iperf3.

Nipite pembeni kidogo kuhusu iperf, maana wengi wenu mnaitumia. Ukiiambia ipime kwa UDP bila kutaja mwendo, inatuma megabiti 1 tu kwa sekunde. Basi kuna watu wanaopanda mnara, wanapima, wanaona megabiti 1, wanashuka na kuanza kulaumu antena. Antena haina hatia.

Turudi kwenye historia. Oktoba 1986 kulitokea jambo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Majengo hayo yako umbali wa yadi 400, kama mita 365, na yaliunganishwa kwa waya. Kasi halisi ikaporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Si kilobiti 40, ni biti 40, yaani herufi 5 kila sekunde. Ukurasa mmoja wa herufi 2,000 ungechukua karibu dakika 7, na mtu angeweza kuutembeza kwa mguu ukafika kwanza. Van Jacobson akachunguza akagundua kwamba mashine zilikuwa zikitumia TCP bila adabu: pakiti ikichelewa kidogo zinadhani imepotea, zinatuma nyingine, na msongamano unazidi. Mwaka 1988 akachapisha dawa. TCP ikafundishwa kwamba pakiti ikipotea, maana yake barabara imejaa, kwa hiyo punguza mwendo mara moja.

Dawa hiyo ndiyo iliyookoa intaneti, sina ubishi. Ila ina dhana ndani yake ambayo ni ya kweli kwenye waya na si ya kweli hewani. Kwenye waya pakiti ikipotea, karibu kila mara ni msongamano. Hewani pakiti inaweza kupotea kwa sababu mti umeyumba, au kwa sababu jirani amewasha maikrowevu. TCP haijui tofauti. Inaona pakiti moja imepotea, inakata mwendo nusu, na barabara ilikuwa tupu muda wote! Katika miaka ya 1990 watafiti wengi walishughulika na jambo hili, na hapo Berkeley, Hari Balakrishnan na wenzake mwaka 1995 walionyesha kwamba ukiweka mahali pa katikati panapotuma upya pakiti zilizopotea hewani kabla TCP haijashtuka, kasi halisi inapanda sana.

Na sisi huku? Kenya ilikuwa na kiungo chake kikubwa cha pasi waya tangu mwaka 1970, kituo cha setilaiti cha Longonot. Hadi kebo za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Sasa fanyeni hesabu nami. Setilaiti ya aina ile iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Pakiti inapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, jumla zaidi ya kilomita 143,000, na kwa mwendo wa mwanga hiyo ni milisekunde 477 hata kabla ya kuhesabu mashine za njiani. Chukua milisekunde 600. TCP ya zamani ilikuwa hairuhusu zaidi ya baiti 65,535 kuwa njiani bila kuthibitishwa. Gawanya: unapata kama kilobiti 870 kwa sekunde. Yaani ungeweza kulipia megabiti 2, setilaiti ikapitisha megabiti 2 bila tatizo, na bado faili moja lisingezidi kilobiti 870. Njia ya kupanua kikomo hicho ilichapishwa mwaka 1992, lakini mashine nyingi za maofisini zilikaa miaka bila kuitumia. Ni rahisi kuona jinsi mteja na muuzaji wangeweza kugombana asubuhi hadi jioni, kila mmoja na kipimo chake, na wote wawili wakawa sahihi.

Sasa tufike kwenye WiFi yenyewe. Mei 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu watu kutumia bendi fulani za redio bila leseni, ikiwemo ile ya GHz 2.4 ambayo maikrowevu tayari zilikuwa zikiichafua. Mwaka 1997 kikatoka kiwango cha kwanza cha 802.11 chenye megabiti 1 na 2, na mwaka 1999 kikatoka 802.11b chenye megabiti 11. Watu wakanunua, wakapima, wakapata megabiti 5 au 6. Malalamiko yale yale ya leo.

Lakini ukiikokotoa utaona hakuna muujiza. Tuseme unatuma pakiti moja ya baiti 1,500. Kwa mwendo wa megabiti 11, pamoja na vichwa vyake, inachukua mikrosekunde 1,117 hivi hewani. Kabla ya hapo redio lazima ipige mbiu ya kuwaamsha wasikilizaji, na mbiu ile ya zamani ilitumwa polepole kabisa: mikrosekunde 192. Kabla ya mbiu, redio inasikiliza kwa mikrosekunde 50 kuhakikisha hewa iko kimya, kisha inasubiri muda wa kubahatisha, kwa wastani mikrosekunde 310, ule ule urithi wa Hawaii. Pakiti ikifika, mpokeaji anapumzika mikrosekunde 10 kisha anatuma uthibitisho, nao una mbiu yake, jumla kama 250. Ongeza vyote: mikrosekunde 1,930 kwa biti 12,000. Hiyo ni megabiti 6.2 kwa sekunde. Weka TCP juu yake, ambayo nayo hutuma thibitisho zake kama pakiti kamili zinazogombania hewa, na unashuka hadi 5 na kitu. Hapo uko wewe peke yako, ruta iko mezani mbele yako, na hakuna jirani.

Ukiongeza watu mambo yanakuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 2003 watafiti wanne kutoka Grenoble, Ufaransa, wakiongozwa na Martin Heusse, walionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ikiwa watu kadhaa wako karibu na ruta kwa megabiti 11, na mmoja yuko mbali akizungumza kwa megabiti 1, wote wanashushwa hadi kasi ya yule wa mbali, chini ya megabiti 1. Sababu ni kwamba kanuni inagawa zamu sawa, haigawi muda sawa. Yule wa mbali akipata zamu yake anakaa hewani karibu mara 11 ya wengine. Wanaokaa kwenye ploti wakichanga WiFi moja na mwenzao wa chumba cha mwisho wanaelewa nasema nini.

Sasa kumbukeni ule uthibitisho wa baada ya kila pakiti. WiFi iliwekewa utaratibu huo kwa makusudi: hewa inapoteza pakiti, kwa hiyo redio yenyewe itume upya haraka kabla TCP haijajua. Ni busara ile ile ya watu wa Berkeley. Ila waliobuni walikuwa wakifikiria ofisi au ukumbi, mita mia moja au mia tatu. Mwanga unakwenda mita 300 kwa mikrosekunde moja, kwa hiyo muda wa safari ulikuwa si kitu, na redio iliwekewa subira fupi sana. Uthibitisho usipofika ndani ya muda huo, pakiti imepotea, tuma tena.

Halafu wakaja watu wenye shida ya kweli, wasio na fedha za setilaiti wala kebo, wakaelekeza vifaa hivi vya bei rahisi milimani.

Ermanno Pietrosemoli ni mwalimu wa mawasiliano kutoka Mérida, Venezuela, na mmoja wa waasisi wa EsLaRed, shirika linalofundisha mitandao Amerika Kusini. Aprili 2006 yeye na wenzake waliweka kituo kimoja Pico del Águila, katika milima ya Andes, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, na kingine kwenye kilima cha El Baúl kilicho katika tambarare. Kati yao kuna kilomita 279. Kwa kulinganisha, Nairobi hadi Kisumu kwa mstari ulionyooka ni kilomita 260 na kidogo. Rekodi iliyokuwepo bila kuongeza nguvu ya redio ilikuwa kilomita 201, iliyowekwa Marekani mwaka 2005.

Vifaa vyao vilikuwa ruta mbili za Linksys WRT54G, zile za bluu na nyeusi ambazo wengi wenu mmewahi kuziona, zikiwa na programu huria badala ya ile ya kiwandani. Antena zilikuwa madishi yaliyokuwa yakipokea setilaiti. Kwa umbali huo dunia yenyewe ni kikwazo: katikati ya njia, uso wake unakuwa umevimba zaidi ya kilomita 1 juu ya mstari wa moja kwa moja, hata ukihesabu kwamba hewa huyapinda mawimbi kidogo. Ndiyo maana mlima ulihitajika. Na mawimbi hayapiti kama uzi, yanahitaji nafasi pembeni. Katikati ya kilomita 279 kwa GHz 2.4 nafasi hiyo ni kama mita 93 kila upande.

Kiungo kikashika. Pakiti zikapita, rekodi ikawekwa. Walipopima kasi halisi haikufika hata kilobiti 100 kwa sekunde, kwenye ruta ambazo boksi lake lilisema megabiti 54.

Hapa ndipo penye utamu wa hadithi. Mtu mvivu angesema ishara ni dhaifu, leteni antena kubwa. Lakini ishara ilikuwa inafika. Tatizo lilikuwa saa. Kwenda na kurudi kilomita 279 kunachukua mikrosekunde 1,860. Redio ya kawaida haina subira ya namna hiyo. Inatuma pakiti, pakiti inafika salama, uthibitisho unaanza safari ya kurudi, lakini kabla haujafika mtumaji amekwisha kata tamaa na kutuma pakiti ile ile tena. Na tena. Kisha anahitimisha kwamba hali ya hewa ni mbaya na kupunguza mwendo kutoka megabiti 11 hadi 5.5, hadi 2, hadi 1. Upande wa pili umekaa unapokea nakala tano za kitu kimoja. Unaweza kurefusha subira kwa programu, lakini chipu ina kikomo. Kwenye kadi za Atheros zilizopimwa na watafiti nitakaowataja sasa, kikomo kilikuwa mikrosekunde 746, sawa na kilomita 110 hivi. Na hata bila kikomo, kusubiri jibu la kila pakiti kwa umbali huo kunamaanisha redio inakaa kimya nusu ya muda.

Watafiti hao ni kikundi cha TIER cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Eric Brewer. Rabin Patra na wenzake walichapisha mwaka 2007 mfumo walioupa jina WiLDNet. Hawakugusa redio. Waliacha kadi zile zile za bei nafuu wakabadilisha kanuni ya mazungumzo. Hakuna tena kusikiliza hewa, kwani kwa kilomita makumi unachosikia ni cha zamani. Kila upande unapewa kipande cha muda wake wa kutuma, kama alivyofikiria Roberts mwaka 1972. Uthibitisho wa kila pakiti ukafutwa. Badala yake mpokeaji anatuma orodha moja ya kundi zima, na mtumaji anarudia zile tu zilizokosekana. Pia wanaweza kuongeza data ya akiba ili pakiti chache zikipotea zijengwe upya bila kurudiwa. Walipopima, kasi halisi ya TCP ilikuwa mara 2 hadi 5 ya WiFi ya kawaida kwenye viungo hivyo hivyo.

Kikundi hicho kilipima pia jambo jingine ambalo mimi naliona muhimu kuliko watu wanavyolichukulia. Walitaka kujua pakiti zinapotelea wapi kwenye viungo virefu. Wengi wetu tungetaja mvua, au mawimbi yanayogonga milima na kurudi. Vipimo vyao vilionyesha kwamba msumbufu mkubwa ni WiFi za watu wengine. Viungo vya vijijini vilipoteza pakiti chache sana, na vile vyenye ncha mjini ndivyo vilivyoteseka. Kwa hiyo kama kiungo chako ni kizuri saa kumi usiku na kibovu saa mbili jioni, usikimbilie kubadilisha antena. Pima usiku, pima jioni, pima kwenda na pima kurudi, kwa sababu mara nyingi upande mmoja tu ndio unaosikia kelele za mji.

Mwaka huo huo wa 2007 Pietrosemoli alirudi Pico del Águila akiwa na programu ya TIER. Safari hii upande wa pili ulikuwa Platillón, kilomita 382. Umbali umeongezeka kwa zaidi ya kilomita 100, bendi ni ile ile isiyo na leseni. Kasi halisi ikawa megabiti 3 kwa sekunde kila upande, jumla 6. Kutoka chini ya kilobiti 100 hadi megabiti 6, na kilichobadilika zaidi ni nani anazungumza lini.

Programu hiyo haikubaki kwenye mambo ya rekodi. Kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu, kuna hospitali za macho za Aravind. Katika eneo la Theni, TIER walisaidia kuunganisha hospitali na vituo vidogo vya vijijini kwa viungo hivi vya WiFi, ili mgonjwa akae mbele ya kamera kijijini na daktari amwone akiwa hospitalini. Kwa wagonjwa wale kasi halisi haikuwa namba ya kujivunia. Video ikikatika daktari haoni jicho, na mgonjwa analazimika kupanda basi na kupoteza siku nzima ya kazi.

Timu ilipoandika mwaka 2008 yaliyowapata huko, kuhusu kasi hawakuwa na malalamiko mengi tena. Kilichowasumbua ni stima. Umeme wa vijijini ulipanda na kushuka kwa ghafla, ukaunguza vifaa vya kugeuza umeme na mbao za ruta, na wakati mwingine betri ilishuka taratibu mpaka ruta ikabaki nusu hai, haifanyi kazi na haizimiki, hadi mtu apande mnara kuizima kwa mkono. Wakatengeneza kisaketi kidogo cha bei rahisi kinachokata umeme kabisa betri ikishuka chini ya kiwango fulani, na kuuwasha tena ukirudi kuwa mzuri. Ruta zikaanza kujiwasha zenyewe asubuhi.